Mwenye Kuvuta Kamba

Des Hannaford hakuanza ghafla kumkatia jirani yake nyasi. Alianza kwa kuvuka mpaka kidogo. Jumamosi ya kwanza alisukuma mashine yake hadi mwisho wa ukanda wake wa nyasi za mbele, na badala ya kugeuka akaingia upana wa mashine moja kwenye ukanda wa Clive Pascoe, akageukia huko. Jumamosi iliyofuata akafika kwenye sanduku la barua la Pascoe. Na leo asubuhi, kabla watu hawajamaliza chai, alikuwa anakata ukanda wote mpaka kwenye njia ya gari, kwa mistari iliyonyooka, kidevu juu, kama mtu anayejua anatazamwa.

Na kweli alikuwa anatazamwa. Raelene Pascoe alimwona kupitia dirisha la jikoni, taulo la vyombo likiwa begani. Mumewe Clive alimwona kupitia upenyo wa pazia la sebuleni, amezama kwenye kiti chake cha kuegemea, amekumbatia mto kifuani kama walivyomfundisha hospitalini kila anapotaka kukohoa.

"Amefika wapi?" Clive aliuliza, na huku anaona.

"Njia ya gari."

"Njia ya gari kabisa?"

"Clive, si unamwona?"

"Mshenzi yule," Clive alisema, akakohoa, akaukumbatia mto.

Ukanda wenyewe ni kile kipande cha nyasi kati ya njia ya miguu na barabara. Si mali ya Pascoe wala ya Hannaford. Ni mali ya halmashauri ya mji wa Bendigo, ambayo haijapeleka mtu kuukata tangu mtaa ujengwe. Mwenye nyumba anaukata kwa jasho lake, anaumwagilia kwa maji anayoyalipia, mbwa wa watu wanaukojolea, na bado atahukumiwa kwa huo. Katika Mtaa wa Jarvis mtu anaweza kulewa, akamkimbia mkewe, akanyang'anywa gari na benki mchana kweupe, na majirani wakasema hayo ni mambo yake. Lakini nyasi zake za mbele zikifika kwenye kifundo cha mguu, huyo si mtu tena. Watu wazima, wenye wajukuu, wanapita polepole na magari ili wazitazame vizuri.

Kwa hiyo kukatiwa ukanda na jirani ni wema unaochoma. Huwezi kuukataa, kwa sababu ni wema, na kwa sababu mtaa mzima umeuona lazima uulipe siku hiyo hiyo kwa bia. Tena si bia yoyote. Inatakiwa iwe ile anayokunywa aliyekata. Ukipeleka nyingine umemtukana, na afadhali usingepeleka.

"Mpelekee bia zake," Clive alisema, bila kuondoa macho kwenye pazia.

"Anakunywa ipi?"

"Rae, si unajua. Ile ya kopo la kijani. Anakunywa hiyo tangu tulipohamia."

Raelene alikwenda dukani, akanunua bia za kopo la kijani, akavuka ua kuzipeleka. Aliona haya kama mtoto aliyetumwa kuomba chumvi, na alijichukia kwa kuona haya. Des alikuwa kwenye njia yake ya gari anapuliza vumbi kwenye mashine.

"Aah, Rae! Hamkuwa na haja," alisema, na mkono umeshapokea.

"Clive anashukuru."

"Anaendeleaje mzee mwenzangu? Kifua kimeunga?"

"Kinaunga."

"Mwambie asijisumbue kabisa. Mimi nipo. Nitamkatia hadi..." Des alitazama makopo, akatafuta neno. "Hadi mambo yatakapoeleweka."

Raelene alimwelewa vizuri. Maana yake ilikuwa hadi Clive apone au hadi Clive azikwe, na Des alikuwa amejiandaa kwa yote mawili.

"Halafu, sitaki kusema," Des akaendelea, kama wasemavyo wote wanaotaka kusema, "ila alikuwa anakata kwa kisu butu. Zile ncha zimechanika, ndiyo maana zinageuka njano. Nilimwambia miaka yote. Clive hasikii."

"Nitamfikishia," Raelene alisema, na hakumfikishia.

*

Katikati ya wiki, Raelene alirudi kutoka duka la mikate anakouza, akakuta kiti cha kuegemea kitupu na mto uko sakafuni. Aliita. Hakuna aliyeitika. Alipita jikoni, akatoka mlango wa nyuma, na mlango wa kibanda cha vifaa ulikuwa wazi.

Clive alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono kifuani, uso umepauka. Mbele yake ilikuwa mashine yake ya zamani, kamba ya kuwashia inaning'inia nje. Kibanda kizima kilinuka petroli iliyoharibika, ile inayonuka kama rangi ya zamani.

"Umevuta," Raelene alisema.

"Mara moja."

"Clive."

"Labda na nyingine. Haikuwaka. Kabureta imeziba, petroli ni ya mwaka jana."

"Mimi nimekuuliza habari ya kabureta?" Raelene alipiga magoti mbele yake na kumfungua vifungo vya shati. Kovu lilikuwa limefunga vizuri. Aliliangalia juu hadi chini, kisha akaliangalia tena. "Wamekupasua, wamekufunga kwa waya kama ua wa kuku. Wamekwambia usivute, usisukume, usinyanyue kitu kinachozidi birika la chai. Wewe umekuja kuvuta kamba!"

"Anakuja tena Jumamosi."

"Nani?"

"Des. Atakuja tena. Atapita na ile mashine yake mpaka chumbani kwetu."

Raelene hakucheka. Siku Clive anatolewa chumba cha upasuaji, daktari alimvuta pembeni kwenye korido, akamwambia kitu ambacho hajamwambia mtu: mfupa wa kifua ukifunguka itabidi warudie, na moyo wenyewe hautahimili kurudiwa. Ndiyo ilikuwa hali halisi. Mume wake angeweza kufa kwa ajili ya kipande cha nyasi cha halmashauri, na mtaa ungesema alikuwa mwanamume mchapakazi, ukanda wake ulikuwa safi hadi mwisho. Wangesema hivyo makaburini wamevaa suti. Alihisi hasira mpaka masikio yakamvuma.

"Tumlipe mtu aje akate," alisema.

"Nimlipe mtu anikatie nyasi? Mimi? Hao ni wa wajane."

"Ndiyo. Ni wa wajane," Raelene alisema, na akamkazia macho mpaka Clive akatazama chini.

"Basi tununue ya betri," Raelene aliendelea. "Unabonyeza tu."

"Ya betri ni ya kunyolea ndevu. Des ana ya petroli. Mtaa wote una ya petroli."

"Sawa. Ya petroli," Raelene alisema, akasimama, akampa mkono. "Kesho tunaenda dukani. Ila dukani nitasema mimi."

Clive alidhani ni habari ya bei. Hakuuliza zaidi. Tangu waoane Raelene hakuwahi kuigusa mashine ya kukatia nyasi, na hakuna aliyewahi kumkataza. Ilikuwa ya Clive tu, kama mswaki wake ulivyokuwa wa Clive.

*

Muuzaji aliitwa Troy. Alimpa Clive mkono na kumpa Raelene tabasamu, akageuka, na kuanzia hapo mgongo wake ndio uliokuwa upande wa Raelene.

"Mzee, kiwanja chako kikubwa kiasi gani?"

"Cha kawaida," Clive alisema, na akafungua mikono kiasi alichoruhusiwa na kifua, na bado alitia chumvi.

"Vitambaa viwili vya meza," Raelene alisema. "Mbele na nyuma."

Troy alicheka, akampeleka Clive moja kwa moja kwenye dude jeusi lenye magurudumu ya nyuma makubwa. "Hii ndiyo mashine, mzee. Inajiendesha yenyewe. Wewe unaishika tu, unatembea nayo. Sauti yake, mtaa mzima unajua nani anakata." Bei yake ilikuwa dola elfu moja na mia nne. Clive aliishika mpini, akasimama wima kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali, na macho yakamng'aa. Raelene alimwonea huruma na kutamani kumzaba kibao, vyote kwa pamoja.

"Na hii nyekundu?" aliuliza. Ile nyekundu ilikuwa dola mia mbili na kitu, imepakwa rangi ikameremeta.

"Hiyo ni ya bei nafuu, mama. Ina dhamana ya mwaka."

"Na mwaka wa pili?"

"Mwaka wa pili huwa..." Troy alijikuna. "Watu wengi huwa wananunua nyingine."

Raelene aliinama, akagonga bati la chini kwa vidole. Lilikuwa jembamba kama kopo la maharage. "Visu vyake mnavyo?"

"Vinaagizwa."

"Kutoka wapi?"

"Nje."

"Basi hiyo si nafuu," Raelene alisema. "Ni ipi ambayo visu vyake, plagi na chujio la hewa vipo hapa hapa, leo, kwenye rafu?"

Troy sasa alimgeukia, kwa shingo kwanza kisha kwa mwili. Alimwonyesha moja iliyosukumwa ukutani. Ilikuwa ya kijani kibaya, haina madoido, chuma chake kizito, upana wa kawaida, injini ya mtindo ambao kila fundi wa Bendigo ana spea zake. Bei yake ilizidi mia tano kidogo. "Hii inanunuliwa na wanaokata nyasi kwa kazi," alisema, kama anayekiri. "Haivunjiki. Ila haina mvuto."

"Nataka kuiwasha. Na zile mbili pia."

"Za majaribio ziko uani, zina mafuta. Mzee ata..."

"Mzee hatavuta kitu. Navuta mimi."

"Mama, kamba ni ngumu hizi, mwachie..."

Raelene alimkabidhi mkoba wake. Kijana aliupokea kabla hajafikiri, na aliubeba mpaka mwisho wa shughuli, mkoba wa kahawia wenye ua la kushona, akiwa na jina lake kifuani na penseli sikioni.

Uani, wateja walisimama kutazama. Raelene alivuta kamba ya ile nyekundu. Iliwaka baada ya kuvutwa mpaka nywele zikamlegea, na ikatetemeka kama bakuli la vijiko. Akavuta kamba ya lile jeusi, likamnyang'anya kamba na kumrudishia kwa nguvu akayumba. Troy aliliwasha yeye. Lilimburuta Raelene hadi kwenye uzio, na kuligeuza hakuweza, mpaka watu wawili wakamsaidia. Mmoja wao alimkonyeza mwenzake.

"Rae, twende nyumbani," Clive alisema kwa sauti ya chini.

"Bado."

"Watu wanatazama."

"Watazame. Hawalipii."

Alivuta ile ya kijani. Haikuwaka. Akavuta tena, ikanguruma kwa sauti nzito iliyotulia. Aliisukuma hadi mwisho wa ua, akaigeuza kwa mikono yake mwenyewe, akarudi nayo. Jasho lilikuwa limemtoka na alikuwa anafurahi, jambo ambalo hakulitarajia.

"Tunachukua hii," alisema.

Clive alimsogelea. Shingo yake ilikuwa imeiva. "Sasa nitaonekanaje? Hebu niambie. Mimi nimekaa kibarazani na mto wangu, mke wangu anasukuma mashine, mtaa mzima unaona. Nitaonekanaje?"

"Utaonekana uko hai, Clive."

Troy aliona ni wakati mzuri wa kuzichunguza kamba za viatu vyake.

Raelene alilipa kwa kadi yake. Troy alimrudishia mkoba, kisha akamkabidhi Clive karatasi ya dhamana, kwa mazoea. Njiani Clive alikaa na mto kati ya kifua na mkanda wa gari, akatazama nje mpaka wakafika.

*

Jumamosi Raelene alitangulia. Alitia oili, akatia petroli mpya, akavaa viatu vya Clive vya kazini juu ya soksi mbili, akaisukuma mashine mpaka mbele. Des alikuwa anatoa ya kwake gereji. Alipomwona aliiacha pale pale kwenye njia ya gari na kuja, na nyuma yake wakaja wanaume wengine wawili wa mtaa, mmoja na kikombe chake cha chai. Katika mtaa ule mashine mpya haiwezi kutolewa nje bila wanaume kuizunguka mikono kiunoni.

"Mpya," Des alisema.

"Mpya."

"Ndogo kidogo."

"Inatosha."

"Clive yuko wapi?"

"Amekaa."

"Kwa hiyo nani..." Des alitazama vile viatu vya kazini miguuni mwa Raelene, akaelewa, akawageukia wenzake. Mwenye kikombe alikohoa kuficha kicheko.

Raelene aliivuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya.

"Oili umeweka?" Des aliuliza kwa upole mwingi.

"Nimeweka."

"Labda umeizidisha. Kamba inataka mkono wa..." Hakumaliza. "Lete, Rae. Nitakuwashia, na nikishawasha nipitie mara moja tu, haina shida. Wewe nenda ukae na mgonjwa."

Akanyoosha mkono kushika mpini. Raelene alihisi machozi yanamjia, na hasira ya kuyahisi mbele ya watu hawa ilikuwa mbaya kuliko machozi yenyewe. Alijua akiuachia mpini, Jumamosi ijayo Clive atakuwa kibandani tena.

"Rae!"

Sauti ilitoka kibarazani. Clive alikuwa amesimama mlangoni na suruali ya kulalia, mto wake kifuani, mbele ya macho ya mtaa mzima. Hakuna jirani aliyekuwa amemwona tangu apasuliwe. Alikuwa amekonda, na kila mtu aliona.

"Bomba la petroli, mpenzi," alisema. "Hujafungua. Kushoto, chini ya tangi."

Raelene aliinama, akalifungua, akavuta. Mashine ikanguruma. Des aliurudisha mkono wake mfukoni.

Alikata. Mistari yake ilipinda vibaya, aliacha mashungi hapa na pale, na aliukwangua ukingo wa njia cheche zikaruka. Wanaume walikunja nyuso kwa kila kosa kama wanaotazama mtu anang'olewa jino. Clive alishuka ngazi polepole, akakaa kwenye ngazi ya mwisho.

"Inua kisu nafasi moja juu!" alipiga kelele. "Hapo! Hapo sawa!"

Raelene alipofika kwenye mpaka wa Hannaford, alianza kugeuka.

"Usigeuke!" Clive aliita.

Raelene alimtazama mumewe. Clive alikuwa anacheka, ameubana mto kwa mikono yote miwili, kwa sababu kucheka kulimwuma.

"Petroli imebaki! Mkatie na Des!"

Raelene akaenda. Alipita katikati ya ukanda wa Des, ule wa mistari iliyotunzwa miaka yote, akachora njia iliyopinda kama ya mbuzi.

"Hapana, hapana, Rae, usijisumbue!" Des alimkimbilia. "Nilikuwa nataka kukata mwenyewe!"

"Sio usumbufu, Des," Raelene alisema kwa sauti ya kuishinda injini. "Nitakukatia hadi mambo yatakapoeleweka."

Mwenye kikombe aliitema chai yake kwenye nyasi.

*

Jioni, Raelene alikuwa ameilaza mashine kando ya kibaraza, chujio la hewa likiwa juu, anakwangua majani mabichi kwa kijiti cha mbao huku Clive akimwelekeza kutoka kwenye kiti. Mikono ilimwuma. Des alitokea getini na bia, na ilikuwa lazima atokee, maana wale wawili wa asubuhi walikuwa wanamtazama kutoka majumbani kwao.

Alimpita Raelene, akapanda ngazi, akamnyooshea Clive.

"Mimi sikukata kitu," Clive alisema.

Des akashuka ngazi, akamnyooshea Raelene.

"Asante, Rae," alisema, na ilimtoka kwa shida.

Raelene alijifuta mikono kwenye suruali na kuyatazama makopo. "Hizi ni za Clive, Des. Hizi mimi sinywi."

Mtu hakatiwi ukanda akalipa kwa bia isiyo ya aliyekata. Des alilijua hilo kuliko wote, alikuwa amelidai miaka yote. Aligeuka akatazama juu kibarazani, na kwa sauti ya mwanamume anayemwuliza mwanamume mwenzake, akasema, "Mkeo anakunywa nini?"

Clive alifungua mdomo. Alijua Des anakunywa nini. Alijua yule mwenye kikombe anakunywa nini, na wenzake wote aliofanya nao kazi karakana ya reli, na hata wale waliokwisha kufa. Alimtazama mke wake aliyepiga magoti kwenye nyasi, majani yamemganda mpaka kwenye viwiko, na uso wake ukashuka taratibu.

"Sijui," alisema.

Raelene alikiweka kijiti chini.

"Mimi niko hapa, Des," alisema. "Niulize mimi."